Paul Ehrlich: Daktari aliyeusaka mlango wa seli

KABLA ya mwaka wa 1894, mzazi wa Ulaya aliyeona utando wa kijivu ukitanda kooni mwa mwanawe alijua kwamba mauti yamebisha hodi. Ugonjwa wa dondakoo uliwafyeka watoto kwa maelfu kila mwaka. Madaktari hawakuwa na la kufanya ila kulitoboa koo la mgonjwa ili apate kupumua, kisha wakangoja. Mara nyingi hata aliyeokolewa asikabwe roho alikufa siku chache baadaye, moyo wake ukiwa umelemazwa na sumu.

Mwaka huo, katika hospitali za Berlin nchini Ujerumani, watoto 220 waliokuwa wakiugua maradhi hayo walidungwa seramu iliyotokana na damu ya wanyama. Waliodungwa katika siku mbili za kwanza za ugonjwa walipona takriban wote. Kadiri siku zilivyosonga kabla ya sindano, ndivyo matumaini yalivyodidimia. Dawa ilikuwa ile ile, na ugonjwa ulikuwa ule ule. Kilichotofautisha uhai na kifo ni kama sumu ilikuwa bado inaelea ndani ya damu, au ilikwisha kujipenyeza ndani ya seli za mwili ambamo seramu haikuweza kuifuata.

Miongoni mwa waliosimamia majaribio hayo alikuwamo daktari mmoja mwembamba, mwenye miwani na ndevu fupi, ambaye hakuonekana bila biri kinywani. Jina lake ni Paul Ehrlich. Maisha yake yote aliyatumia kuliuliza swali moja: Je, kitu kilichotiwa mwilini hufikaje kwenye seli inayohusika, hushikwa na nini hapo, na kwa nini chengine hupita tu bila kugusa lolote?

Mapenzi ya rangi

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854, katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia lililokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Mji huo sasa umo nchini Poland na unaitwa Strzelin. Wazazi wake, Ismar na Rosa, walikuwa Wayahudi wenye uwezo wa wastani. Baba alikuwa mwenye nyumba ya wageni na mtengenezaji wa pombe kali.

Shuleni mjini Breslau kijana huyo hakuwa wa kutajika, ila katika hisabati na Kilatini. Insha na mitihani vilimchosha. Inasimuliwa kwamba alipotakiwa katika mtihani wa mwisho kuandika insha kuhusu maisha kuwa ni ndoto, yeye alieleza kwamba ndoto ni matokeo ya kemikali kuungua ndani ya ubongo. Walimu hawakufurahishwa.

Aliyempa mwelekeo ni binamu yake, Karl Weigert, aliyemzidi umri kwa miaka tisa. Weigert alikuwa mmoja wa wanasayansi wa mwanzo kabisa kutumia rangi kuwaonyesha bakteria chini ya hadubini. Wakati huo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi mpya za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe, na kila mwezi rangi ngeni ilitokea sokoni. Wenye viwanda walizitaka kwa ajili ya pamba na hariri. Ehrlich alizitaka kwa ajili ya nyama, damu na neva.

Alisomea udaktari Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig. Popote alipokwenda aliacha meza zenye madoa ya buluu, nyekundu na zambarau. Kilichomteka ni jambo ambalo wengine waliliona kuwa la kawaida. Rangi moja ikimwagwa juu ya kipande cha nyama haienei sawa kote. Huzishika seli fulani na kuziacha jirani zake. Wengine walitumia tofauti hiyo kupata picha nzuri. Ehrlich aliona ni ushahidi kwamba ndani ya seli mna kitu kinachoichagua rangi ile na kuikamata. Kwa njia hiyo alizigundua seli za aina fulani mwilini ambazo hakuna aliyekuwa amezibainisha, zile ambazo leo zinajulikana kuwa na dhima kubwa katika mizio. Mwaka wa 1878 alipata shahada yake ya udaktari mjini Leipzig kwa tasnifu kuhusu upakaji rangi huo.

Kutoka maiti hadi walio hai

Mwaka huo huo aliajiriwa katika hospitali mashuhuri ya Charité mjini Berlin, chini ya Profesa Theodor Frerichs. Mkuu huyo alimpa vijana wengi huwa hawapewi, yaani uhuru. Ehrlich akazitia rangi seli za damu na kuzigawa katika makundi ambayo hadi leo wataalamu wa maabara huyatumia wanapomhesabia mgonjwa seli nyeupe.

Jioni ya tarehe 24 Machi, 1882, alikuwa miongoni mwa waliomsikiliza Robert Koch akitangaza kwamba amekigundua kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Ehrlich alirudi maabarani, na katika muda mfupi akabuni njia bora zaidi ya kukitia rangi kijidudu hicho kionekane waziwazi. Koch aliikubali njia hiyo kwa moyo mkunjufu, na huo ukawa mwanzo wa urafiki wao. Mwaka uliofuata Ehrlich alimwoa Hedwig Pinkus, binti wa mwenye kiwanda cha nguo, na Mungu akawajalia mabinti wawili.

Hatua kubwa zaidi aliipiga mwaka wa 1885. Badala ya kuzipaka rangi nyama zilizokufa, alizitia rangi ndani ya mishipa ya wanyama walio hai, akatazama zilikokwenda. Viungo vingi vilibadilika rangi, lakini kwa baadhi ya rangi hizo ubongo ulibaki vile vile. Kumbe kupelekwa na damu hadi karibu na kiungo si sawa na kuingia ndani yake. Wanasayansi waliokuja baadaye walithibitisha kwamba kuna kizuizi kati ya damu na ubongo, na hadi leo kizuizi hicho huwahangaisha watengenezaji wa dawa.

Mwaka huo huo Frerichs aliaga dunia, na mrithi wake hakuwa na subira na daktari aliyependa rangi kuliko wodi. Kana kwamba hayo hayakutosha, Ehrlich alikipata kijidudu cha kifua kikuu katika makohozi yake mwenyewe. Mwaka wa 1888 alifunga virago, akaenda na mkewe Misri kutafuta hewa kavu. Aliporejea Berlin mwaka wa 1889 alikuwa na afya, lakini hakuwa na kazi. Alianzisha maabara ndogo ya kibinafsi kwa msaada wa mali ya mkwewe, na huko ndiko Koch alikomfuata na kumwita kwenye taasisi yake mpya ya magonjwa ya kuambukiza.

Mwaka wa 1891 Ehrlich, akishirikiana na Daktari Paul Guttmann, aliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya buluu iitwayo methilini. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Ikiwa chini ya hadubini rangi hiyo hukishika kijidudu cha malaria, basi huenda ikakishika mwilini pia na kukidhuru. Wagonjwa wote wawili walipata nafuu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa dawa iliyoundwa na binadamu kiwandani kutumiwa dhidi ya malaria.

Panya, mbarika na dondakoo

Katika taasisi ya Koch, Ehrlich aligeukia sumu mbili za mimea. Ya kwanza ni risini, itokayo kwenye mbegu za mbarika. Ya pili ni abrini, itokayo kwenye zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu huzitunga kuwa shanga. Sumu zote mbili ni protini, na kiasi kidogo mno hutosha kuua.

Aliwapa panya vipimo hafifu, kisha akaviongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba. Hatimaye panya hao walihimili kipimo ambacho kingewaua wenzao mara nyingi. Ndani ya damu yao mlikuwa na kitu kilichoikamata sumu, ndicho kinachoitwa leo kingamwili, ambacho nacho ni protini. Ajabu ni kwamba panya aliyezoeshwa risini hakuwa na kinga yoyote dhidi ya abrini. Kila sumu ilikuwa na mshikaji wake. Mwaka wa 1892 alionyesha pia kwamba panya mama huwapa watoto wake kinga hiyo kwa maziwa.

Chumba cha jirani mlikuwa na Emil von Behring. Mnamo Desemba 1890, Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walikuwa wametangaza kwamba seramu ya mnyama aliyekingwa huweza kumkinga mnyama mwingine dhidi ya dondakoo na pepopunda. Habari zilivuma, lakini miaka mitatu baadaye hapakuwa na dawa ya kutegemewa. Seramu ilikuwa dhaifu, na hakuna aliyejua namna ya kuipima. Chupa moja iliweza kumponya mtoto, na nyingine yenye sura ile ile isimfae kitu.

Ehrlich ndiye aliyelifungua fundo hilo. Alitumia kwa wanyama wakubwa mbinu aliyoijaribu kwa panya, akapata seramu kali. Kisha alibuni kipimo cha nguvu zake, na ufanisi wa mwaka wa 1894 ukapatikana. Kampuni ya Hoechst ikaanza kuiuza seramu hiyo mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mnamo 1897 alitoa utaratibu kamili wa vipimo. Seramu ya mfano ilikaushwa, ikahifadhiwa mbali na hewa, na kila seramu nyingine ikalinganishwa nayo. Dawa za protini zinazouzwa leo kwa vipimo maalumu, insulini ikiwa mojawapo, zimeifuata njia hiyo.

Hata hivyo, ushirikiano wa wawili hao uliingia shubiri. Ehrlich aliachilia mgao wake wa faida kwa matumaini kwamba serikali ingempa taasisi yake mwenyewe. Behring alitajirika na kununua mashamba, na mwaka wa 1901 akatunukiwa peke yake Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya tiba. Ehrlich alikuwa amepewa mwaka wa 1896 taasisi ndogo huko Steglitz, kandokando ya Berlin, katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha mikate. Kinyongo hicho hakikumtoka upesi. Mnamo 1899 alihamia Frankfurt, ambako mji ulimjengea taasisi ya hadhi, na huko ndiko alikoishi hadi mwisho wa maisha yake.

Mikono ya seli

Ni katika miaka hiyo alipoitoa nadharia iliyompa umaarufu miongoni mwa wanasayansi. Alidai kwamba juu ya kila seli kuna sehemu ndogo zilizochomoza mithili ya mikono, kazi yake ikiwa ni kukamata chakula kinachopita kwenye damu. Kila mkono una umbo lake, na hushika tu kile kinachooana nao, jinsi kufuli inavyokubali ufunguo mmoja. Sumu ya dondakoo hudhuru kwa sababu umbo lake kwa bahati mbaya hukubaliana na mkono fulani. Ikishashikwa, seli huwa imemkaribisha adui ndani ya nyumba. Mwaka wa 1900 alieleza hayo mbele ya wanachama wa Royal Society mjini London, na akaanza kuiita mikono hiyo vipokezi.

Seli iliyonusurika, alisema, hutengeneza mikono mipya ili kufidia ile iliyozibwa, tena hupita kiasi, hata mikono ya ziada ikakatika na kuelea kwenye damu. Hiyo ndiyo kingamwili. Ikikutana na sumu njiani, huishika kabla haijafika kwenye seli.

Nadharia hiyo ilikuwa na kasoro. Leo inajulikana kwamba si kila seli iwezayo kutengeneza kingamwili, ila seli za kundi maalumu. Lakini kiini chake kilisimama. Kilieleza pia kwa nini mtoto aliyecheleweshwa hospitalini alikufa hata baada ya sindano. Kingamwili ni protini kubwa, na utando wa seli hauipitishi hivi hivi. Hufanya kazi yake nje. Sumu ikishavuka kizingiti, mlinzi hubaki mlangoni.

Mwaka wa 1908 Ehrlich alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili, akigawana na Mrusi Élie Metchnikoff aliyekuwa akifanya kazi Paris.

Malale ya Ssese

Kufikia wakati huo mawazo ya Ehrlich yalikuwa yameelekea kwengine. Iwapo kijidudu nacho ni seli yenye vipokezi vyake, basi yawezekana kuunda kemikali inayokishika kijidudu na kumwacha mgonjwa salama. Aliifananisha dawa hiyo na risasi ya kichawi inayomtafuta adui yenyewe. Mnamo 1906 mjane wa tajiri mmoja wa benki, Franziska Speyer, alimjengea maabara ya pili ili aitafute.

Ugonjwa alioanza nao ulikuwa ukiiteketeza Afrika Mashariki. Malale, yanayoenezwa na mbung'o, yalikuwa yameua zaidi ya watu 200,000 kwenye fuo na visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka wa 1904, Ehrlich na msaidizi wake Kiyoshi Shiga walikuwa wamewaponya panya waliokuwa na vijidudu vya jamii hiyo kwa rangi nyekundu. Kisha Waingereza wa Liverpool wakaonyesha kwamba dawa ya aseniki iitwayo Atoxyl ilikuwa kali zaidi.

Mwaka wa 1906 Robert Koch, mkuu wa zamani wa Ehrlich, aliwasili Afrika Mashariki na kuweka kambi katika visiwa vya Ssese. Maelfu ya wagonjwa walidungwa Atoxyl. Wengi walipata nafuu, lakini ya muda. Koch alipoongeza kipimo ili kuufukuza ugonjwa kabisa, baadhi yao walipofuka. Aseniki ilikuwa imewafikia vijidudu, lakini ilikuwa imeifikia neva ya macho pia. Waliolipa gharama ya somo hilo ni wakazi wa visiwani ambao hawakuwa na sauti katika uamuzi huo. Mnamo 2025, zaidi ya karne moja baadaye, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tishio kwa afya ya umma.

Huko Frankfurt, Ehrlich na mkemia wake Alfred Bertheim waligundua kwamba muundo wa Atoxyl ulikuwa umeelezwa visivyo. Walipoujua wa kweli, waliweza kuubadilisha sehemu baada ya sehemu. Mamia ya kemikali yaliundwa na kupewa nambari. Nambari 606 iliundwa, ikajaribiwa, ikaonekana haina maana, ikawekwa kando. Mwaka wa 1909 alifika kutoka Tokyo kijana mwingine wa Kijapani, Sahachiro Hata, aliyekuwa stadi wa kuwaambukiza sungura kaswende. Ehrlich alimtaka azirudie kemikali zote, hata zilizokataliwa. Ilipofika zamu ya 606, vidonda vya sungura vilikauka.

Nyakati hizo kaswende haikuwa na tiba ya maana. Ilikuwa ikiwatia watu upofu, wazimu na kupooza, na kuwapata watoto tumboni. Dawa hiyo ilitangazwa Wiesbaden mwezi wa Aprili 1910, na madaktari wakaivamia Frankfurt kuiomba. Ehrlich aliwagawia bila malipo takriban dozi 65,000 kwa sharti kwamba wamletee taarifa za wagonjwa wao. Desemba mwaka huo ikaingia sokoni kwa jina la Salvarsan.

Lawama na lala salama

Kilichomwandama tangu hapo ni tatizo lake la kale, yaani namna ya kuifikisha dawa. Salvarsan ilikuwa unga wa manjano uliofungiwa ndani ya chupa ya kioo, kwa maana ulipoguswa na hewa uligeuka sumu. Daktari alilazimika kuuyeyusha na kuupunguza ukali papo hapo kabla ya kudunga. Wasiokuwa makini walidhuru, na wagonjwa wengine walikufa. Ehrlich alitaka kuarifiwa kuhusu kila kifo, akawa anachunguza kosa lilikuwa wapi. Mnamo 1912 alitoa Neosalvarsan, nambari 914, iliyokuwa rahisi zaidi kuyeyusha ingawa nguvu zake zilipungua kidogo.

Maadui hawakukosekana. Wako waliodai kwamba kaswende ni adhabu ya waasherati na kwamba si halali kuitibu. Wengine walimshambulia kwa sababu alikuwa Myahudi. Mchapishaji mmoja wa Frankfurt, Karl Wassmann, alidai kwamba makahaba walikuwa wakidungwa dawa hiyo kwa nguvu katika hospitali ya mji. Shauri lilifika mahakamani mwaka wa 1914, Ehrlich akatoa ushahidi, na mchapishaji huyo akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Ushindi huo ulikuja afya yake ikiwa imezorota. Kwa miaka mingi alikuwa amekula kidogo, akilala kidogo, na kuvuta hadi biri 25 kwa siku, huku akiwaandikia wasaidizi wake maagizo ya kila siku kwenye vikaratasi vya rangi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, alikuwa miongoni mwa wasomi 93 wa Ujerumani walioweka sahihi waraka wa kuyatetea majeshi ya nchi yao na kukanusha maovu yaliyofanywa Ubelgiji. Hilo ni doa ambalo wanaomsifu hawapaswi kulifumbia macho. Desemba mwaka huo alipata kiharusi. Cha pili kilimuua tarehe 20 Agosti, 1915, huko Bad Homburg, akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa katika makaburi ya Wayahudi mjini Frankfurt.

Heshima aliyoitumikia nchi yake haikuwafaa jamaa zake. Chini ya utawala wa Wanazi jina lake liliondolewa kwenye barabara iliyokuwa imepewa jina hilo, na mjane wake, Hedwig, akalazimika kukimbilia uhamishoni. Alifariki Marekani mwaka wa 1948. Baada ya vita, taasisi ya Frankfurt ilipewa jina la Paul Ehrlich, na ndiyo ambayo hadi sasa huidhinisha chanjo na seramu nchini Ujerumani.

Sumu yageuzwa tarishi

Swali aliloliacha halijakwisha. Mara nyingi protini ya tiba humezwa na seli kwa kufungiwa ndani ya kifuko kidogo, na kifuko hicho huishia mahali pa kusagia taka. Dawa nyingi husagwa humo kabla hazijafanya lolote.

Suluhisho moja lilitokana na wazo lile la vipokezi. Wapo watu wanaozaliwa na ugonjwa wa Gaucher, ambao hukosa kimeng'enya cha kuvunja mafuta fulani, wengu na ini vikavimba. Kuwadunga kimeng'enya hicho hakukusaidia sana, maana hakikufika kwenye seli zilizokihitaji. Watafiti walipopunguza sukari zilizokizunguka ili ibaki sukari ambayo seli hizo zina kipokezi chake, kikapokewa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka wa 1991. Bahati ni kwamba kimeng'enya hicho kilihitajika pale pale pa kusagia taka.

Suluhisho la pili limetoka kwa adui wa kale. Wanasayansi waligundua kwamba sumu ya dondakoo ina sehemu mbili. Moja hushika kipokezi na kufungua njia, na nyingine hupenya kutoka ndani ya kifuko na kuua. Mwaka wa 1978 ilionyeshwa kwamba molekuli moja tu ya sehemu hiyo ya pili yatosha kuiua seli nzima. Kwa hiyo watafiti waliondoa sehemu inayoshika, wakaunganisha mahali pake protini inayotambuliwa na seli za aina moja ya saratani ya damu inayoshambulia ngozi. Dawa hiyo, denileukin diftitox, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1999, ikaondolewa sokoni mwaka wa 2014, na ikaidhinishwa upya ikiwa imeboreshwa mwaka wa 2024. Tangu 2013, dawa ya trastuzumab emtansine nayo hutumia kingamwili kubeba sumu hadi ndani ya seli za saratani ya matiti zenye kipokezi kinachohusika. Ni ile risasi ambayo Ehrlich aliikosa alipoishambulia saratani kwa miaka kadhaa bila mafanikio.

Humu nchini, mtoto hupewa chanjo dhidi ya dondakoo akiwa na umri wa wiki sita, kumi na kumi na nne. Ndani ya sindano hiyo mna sumu iliyovunjwa makali, na mwili hujifunza kutengeneza kingamwili zake mapema. Siku sumu ya kweli ikiingia kwenye damu, inawakuta walinzi wamekwisha kusimama nje ya mlango. Watoto wa Berlin waliocheleweshwa mwaka wa 1894 walilikosa hilo.